Barua ya wazi kwa Baba Askofu na Halmashauri ya Jimbo: Turudishieni darasa la walimu wa mitaa

Kwa Baba Askofu,
Wajumbe wa Halmashauri ya Jimbo,
na wachungaji wote wa jimbo letu.

YAH: KUFUNGWA KWA DARASA LA WALIMU WA MITAA NA HALI YA MAFUNDISHO VIJIJINI

Baba Askofu, shikamoo. Wachungaji na wazee wangu, Bwana Yesu asifiwe.

Ninayeandika ni mama mzee wa kanisa na mwalimu wa darasa la ubatizo katika mtaa mmoja, yaani tawi dogo la kanisa kijijini, wilaya ya Nachingwea, mkoa wa Lindi. Jina langu mnalo ofisini, limo kwenye barua tulizokwisha kuwaletea. Hapa sikuliweka, wala sikulitaja kanisa letu kwa jina, kwa sababu sitaki kumwaibisha kiongozi yeyote mbele ya majirani zetu. Nataka waumini wenyewe walijadili wazi jambo hili la kufungwa kwa darasa lililokuwa likiwaandaa walimu wa mitaa, maana tulipolipeleka kimya kimya halikufika popote.

Tulianza kwa mchungaji wetu, kama utaratibu unavyotaka, naye akalipeleka mbele. Baadaye wazee wa mitaa jirani tuliandika barua ya pamoja kwa ofisi ya jimbo. Tulijibiwa kwa mdomo kwamba imepokelewa na itafanyiwa kazi. Kwenye Mkutano Mkuu nilinyoosha mkono nikaambiwa ajenda imejaa, tuonane baada ya kikao. Baada ya kikao kila kiongozi alikuwa anawahi gari. Sina ugomvi na mtu, na nyote mnanijua kwamba si mtu wa maneno. Lakini kuna jambo ambalo mkilinyamazia kwa miaka mingine kadhaa, kanisa la vijijini litabaki na mabati na mabenchi bila watu wanaoijua imani yao.

Jambo lenyewe mlitufundisha ninyi. Paulo akiwa kifungoni, akijua kwamba siku zake zinaisha, alimwandikia Timotheo: “Na mambo yale uliyoyasikia kwangu mbele ya mashahidi wengi, hayo uwakabidhi watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine.” Ni 2 Timotheo 2:2. Mlitusimamisha ubaoni tuwahesabu waliomo katika mstari huo: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine. Vizazi vinne katika sentensi moja. Mkatuambia kwamba kanisa lisilofikisha mafundisho kwa kizazi cha nne bado halijalitii agizo hilo. Niliamini mlichosema na bado naamini, na ndiyo maana siwezi kukaa kimya.

Tena huku kusini tuna ushahidi wa macho. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alitoka Zanzibar, akapitia Lindi, akiwa na watu waliokombolewa utumwani, nia ikiwa kuwafikisha upande wa Ziwa Nyasa. Wakaishia Masasi, wakajenga hapo. Mwaka 1882 Wamagwangwara, wapiganaji wa Kingoni, wakaishambulia Masasi, nyumba zikachomwa, watu wakachukuliwa mateka. Kazi haikufa, na sababu mojawapo ni kwamba palikuwa na watu waliofundishwa wakaweza kufundisha. Mmoja wao ni Cecil Majaliwa. Alikuwa mtumwa utotoni, akasomeshwa Kiungani, shule ya misheni hiyo kule Zanzibar, akapewa ushemasi mwaka 1886 na kupelekwa Chitangali kwa Wayao, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misheni ile. Ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliwakamata wamisionari Waingereza, na makanisa ya Masasi yakabaki mikononi mwa mapadre na walimu Waafrika. Vita vilipita humu humu, njaa ikaja nyuma yake, na ibada ziliendelea. Sisi si wa dhehebu lile, lakini wengi wetu tuna mababu waliojifunza herufi za kwanza kwa walimu wa aina hiyo, chini ya mti, kabla hata ya kuwa na jengo.

Sasa naeleza yanayotusumbua, moja baada ya jingine.

1. Darasa lilisimamishwa kwa muda, na huo muda haujaisha.

Darasa la walimu wa mitaa lilisimamishwa msimu wa korosho wa 2018/2019, pale malipo yalipochelewa kwa wakulima wengi na sadaka zikashuka kila mahali. Tulielewa. Mtu aliyepeleka korosho ghalani na hajaona hela huwezi kumdai changizo. Tangazo lilisema linasimama kwa muda. Tangu hapo misimu imepita, minada imefanyika, bei imeshuka na kupanda, ofisi ya jimbo imepakwa rangi na kuzungushiwa uzio, na darasa halijarudi. Hakuna kikao kilichotuambia kwamba limefutwa, na hakuna aliyetutajia tarehe ya kurudi kwake.

Kwa wachungaji waliohamia kwetu baadaye, nieleze lilivyokuwa, maana nasikia wengine wanadhani ilikuwa semina ya kawaida. Watu wachache kutoka kila mtaa walikutana mara moja kwa mwezi, Ijumaa jioni mpaka Jumamosi alasiri, isipokuwa miezi ya kuokota korosho. Kila mmoja alikuja na unga wake na mboga yake. Somo lilikuwa kifungu kimoja tu, tuseme cha Injili ya Luka. Tulikisoma polepole, tukakisimulia bila kitabu, tukaulizana kinamwonyesha Mungu kuwa nani, kinatudai nini, na nani nyumbani anahitaji kukisikia. Kisha kila mtu aliondoka na kazi ya kwenda kumfundisha mtu mmoja au wawili na kurudi mwezi unaofuata kueleza imekuwaje. Aliyerudi bila kumfundisha mtu hakupewa somo jipya. Alirudia lile la zamani. Sheria hiyo ilionekana kali mwanzoni, lakini ndiyo iliyotutoa kwenye tabia ya kusikiliza kila siku bila kutoa.

Na mwalimu mpya hakuachwa peke yake. Siku yake ya kwanza kufundisha, aliyemfundisha alikuja akaketi nyuma kabisa, akanyamaza mpaka mwisho. Wakirudi nyumbani waliongea njiani, wawili tu: hapa ulieleza vizuri, hapa uliongeza ambalo halimo, yule mama aliuliza swali ukalikimbia. Nimefundishwa hivyo na nimefundisha hivyo, na sijaona njia iliyo bora kuliko hiyo. Marko anasema Yesu aliwaweka wale kumi na wawili wapate kuwa pamoja naye, ndipo awatume. Kukaa pamoja kulitangulia kutumwa.

Matunda yake mnayajua, yamo kwenye taarifa zenu za miaka ile. Namjua mkulima mmoja wa ufuta aliyefundishwa na mzee wa mtaa wetu. Akamfundisha shemeji yake. Shemeji akahamia upande wa Liwale kutafuta shamba, akaanza kukusanya familia za jirani kwenye kibaraza chake, na mmoja wa vijana wa pale sasa ndiye anayefundisha watoto. Hakutumwa mchungaji kule, wala haukufanyika mkutano wa injili. Watu wale wanakutana mpaka leo. Lakini yule shemeji hana pa kwenda kuuliza anapokwama, maana darasa alilokuwa anarudi kuuliza mlilifunga. Akinipigia simu namjibu ninachokijua, na kuna maswali ambayo nashindwa. Nani amsaidie?

2. Darasa la ubatizo limekuwa la wiki chache.

Zamani mtu aliyetaka kubatizwa alifundishwa mwaka mzima na zaidi. Sasa maelekezo yanayotufikia ni kwamba wawe tayari kabla ya ziara fulani au kabla ya sikukuu, na idadi iandikwe. Nimewahi kuletewa watu ambao hata Sala ya Bwana hawajaishika, nikaambiwa niwamalizie Jumamosi chache zilizobaki. Nawapenda watu hao, wengine ni damu yangu, na ndiyo sababu siwezi kuona wanafanyiwa hivyo nikanyamaza.

Viongozi wengi mmezaliwa huku, mnajua jando na unyago. Nyakanga, mkuu wa mafunzo hayo, hatoki mjini na begi siku moja kabla ya watoto kuingia kumbini. Ni mtu wa hapa hapa. Amekaa miaka mingi pembeni ya nyakanga aliyemtangulia, akibeba vitu vyake, akishika nyimbo na mafumbo yake, akitazama wakati wa kukemea na wakati wa kunyamaza, hata siku yule mzee akasema sasa wewe endelea. Mwali anapotoka, ana somo, yaani mwalimu wake wa unyago, wa kumrudia hata akishaolewa na kupata watoto. Ndiyo maana mafundisho yale yamedumu pasipo ofisi wala bajeti. Askofu Vincent Lucas, aliyewekwa kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alishaliona hilo miaka mingi kabla ya uaskofu wake, akaweka jando la Kikristo, ili vijana wasiwe na mafundisho mawili yanayovutana. Watu wamebishana juu ya njia yake, na mimi nina maswali yangu. Lakini alitambua kwamba mtoto wa huku anaundwa na mtu anayekaa naye. Je, Mkristo wa huku aundwe kwa Jumamosi tatu?

Madhara yake tunayaona sisi tunaobaki nao. Tunaishi na ndugu zetu Waislamu, mara nyingi ndani ya ukoo mmoja, mezani na misibani. Watoto wao wanakwenda madrasa kila jioni na wanaijua dini yao. Kijana wetu aliyebatizwa Pasaka anaulizwa na binamu yake swali la haki kabisa: kama Yesu ni Mungu, alikuwa anamwomba nani? Hajui pa kuanzia, anaona aibu, na aibu hiyo wengine wanaigeuza kuwa hasira na ugomvi. Mkristo aliyefundishwa vizuri anamjibu binamu yake kwa utulivu, na wanaendelea kula pamoja. Amani ya vijiji vyetu nayo inategemea mafundisho, naomba msilipuuze hilo.

Tena mtoto akiugua au shamba likikosa mavuno, asiye na mafundisho anamfuata yeyote anayeahidi. Wamekuja watu na maji ya upako, chumvi na vitambaa, wakauza, wakaondoka na hela za ufuta. Walionunua walikuwa washirika wetu. Sikushangaa, kwa sababu hatukuwapa kitu kingine cha kushika.

3. Fedha na nguvu zinakwenda kwenye semina za wageni.

Kila mwaka baada ya mnada tunachangia semina kubwa. Mgeni anatoka Dar es Salaam au mbali zaidi, anapokelewa, kunakodiwa spika, jenereta na mahema, kuna posho na mafuta ya gari. Anafundisha siku tatu. Wengine wamefundisha vizuri na nimebarikiwa, siwanyimi haki yao. Lakini siku ya nne gari limeondoka, na aliyeguswa hana wa kumwuliza. Paulo hakuwafundisha Waefeso hivyo. Kitabu cha Matendo kinasema alihojiana na watu kila siku katika darasa la Tirano kwa muda wa miaka miwili, na alipowaaga wazee wa Efeso aliwakumbusha miaka mitatu ya kuwaonya usiku na mchana kwa machozi. Naamini kanisa la Kolosai, ambalo Paulo alikuwa hajaonana nalo uso kwa uso, ni tunda la kazi kama hiyo, maana anasema walijifunza Injili kwa Epafra. Mtume hakufika Kolosai. Mtu aliyefundishwa alifika.

Siombi wageni wakatazwe. Nauliza tu kwa nini fedha za kumleta mtu kwa siku tatu hupatikana kila mwaka, na fedha za kurudisha darasa lililokuwa likila unga wa wanafunzi wenyewe hazijapatikana tangu 2019.

4. Waaminifu wameachwa kwa kukosa cheti.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Baada ya darasa kusimama ulitoka mwongozo kwamba asiye na cheti cha chuo cha Biblia asifundishe kanisani, na kwamba wa kujiunga na chuo awe amemaliza kidato cha nne na aweze kulipa ada. Najua nia ilikuwa njema, kuzuia kila mtu kusimama na kusema lake. Lakini hebu tazameni matokeo yake huku kwetu. Mitaa mingi ina mchungaji mmoja anayezunguka kwa pikipiki, na mvua zikianza Desemba kuna makorongo hayapitiki mpaka Aprili. Asipofika yeye, watu wanaimba, wanaomba, wanatawanyika. Yupo mzee ambaye amesoma Biblia yake mpaka imekatika jalada, watu wote kijijini wanakubali kwamba neno lake ni moja, hadaiwi na mtu, ndoa yake inaheshimika. Anaketi kwenye benchi kimya kwa sababu aliishia darasa la saba.

Paulo hakumwambia Timotheo atafute wenye vyeti. Alitaka mambo mawili, uaminifu na kufaa kufundisha wengine. Hilo la kufaa linaweza kujengwa, ndiyo kazi iliyokuwa ikifanywa na darasa. Uaminifu hakuna chuo kinachoutoa. Unaonekana kwa majirani baada ya miaka mingi, na wanaouona ni watu wa mtaani kwake kabla ya ofisi ya jimbo. Kwa hiyo mnapotupa kigezo cha karatasi na kukiacha kigezo cha maisha, mmechukua kilicho rahisi kukipima na kukiacha kile Mtume alichokitaja.

Wanawake tumeumia zaidi. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na bibi ndiye anayemlea mjukuu wazazi wakiwa Masasi au Mtwara mjini kutafuta maisha. Imani ya Timotheo mwenyewe ilitoka kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Apolo, mtu mwenye ufasaha na hodari katika maandiko, alielezwa njia ya Mungu kwa usahihi zaidi na Prisila na Akila, mafundi wa kushona mahema, nyumbani kwao. Katika darasa letu walikuwamo kina mama wasiojua kusoma ambao walishika mifano yote ya Yesu kwa kichwa na kuisimulia kwa Kimwera na Kimakua kwa bibi wenzao wasioshika Kiswahili cha Biblia vizuri. Mwongozo huo umewanyamazisha. Hakuna mwenye cheti aliyekuja kuchukua nafasi yao, kwa sababu wenye vyeti hawakisemi Kimwera cha vikongwe.

5. Vitabu vya mafundisho vimefungiwa kabatini makao makuu. Tuliomba, tukaambiwa mwenye ufunguo hayupo. Tunaomba vitoke.

Najua yatakayosemwa, kwa hiyo niyajibu mapema kwa heshima.

Litakuja la fedha. Nimeshagusia. Darasa lile liligharimu nauli ya walimu wawili, daftari na mafuta ya taa, baadaye taa ya sola ambayo bado ipo. Sisi watu wa mitaa tuko tayari kugharimia sehemu yetu, na kama ni lazima tutaanza na mitaa michache ya bonde la Lukuledi, mwone wenyewe. Kinachotakiwa kutoka kwenu kwanza ni ruhusa, pili ni mtu wa kutusimamia.

Litakuja la uzushi: mkiwaachia watu wasiosoma, watafundisha uongo. Hofu hiyo ni ya haki, Yakobo mwenyewe alionya wengi wasitake kuwa walimu. Lakini uzushi unaingia leo, darasa likiwa limefungwa, kupitia simu na wauza maji, na hakuna kijijini mwenye uwezo wa kusimama na kusema neno hili halimo katika Maandiko. Mwalimu wa mtaa anayerudi kila mwezi mbele ya wenzake, akaeleza alichofundisha na kusahihishwa hadharani, anasimamiwa kuliko mchungaji yeyote aliye peke yake. Kama mnaogopa mafundisho ya walimu wa mitaa, basi kaeni nao. Kuwakalisha kimya hakuwafanyi wao wala wanaowasikiliza kuwa salama.

Litakuja pia la chuo. Chuo ni kizuri, nawaombea wanaosoma. Ila kijana wetu akienda chuo mara nyingi harudi mtaani, anapangiwa mjini, naye ana haki ya kwenda anakotumwa. Chuo kinatoa wachungaji. Sisi tunazungumzia mamia ya watu ambao hawatakuwa wachungaji kamwe, watalima korosho na ufuta mpaka wafe, na bado wana wajibu wa kumfundisha mtu mwingine. Mkwewe Musa alipomwona akiwaamua watu peke yake tangu asubuhi hata jioni, alimwambia jambo hilo si jema, atachoka yeye na watu pia. Wachungaji wetu wamechoka, Baba Askofu. Nawaona wakifika na vumbi mpaka kwenye nyusi, wanabatiza, wanazika, wanapatanisha ndoa, wanaondoka bila kula. Wenzao wa kubeba mzigo wapo pale pale, hawajaitwa tu.

Na lipo moja ambalo halisemwi vikaoni, bali tunalisikia: kwamba walimu wa mitaa wakipata nguvu watagawa kanisa. Nalijibu kwa uchungu kidogo. Walioondoka na watu kwenye jimbo letu miaka hii tunawajua, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mwalimu wa mtaa. Wale mliowanyamazisha bado wako kwenye mabenchi yao. Bado wanatoa sadaka.

Tunayoomba ni haya:

(a) Darasa la walimu wa mitaa lifunguliwe tena mara msimu wa kuokota korosho unapokwisha, hata kama ni kwa mitaa michache ya kuanzia, na tarehe itangazwe kwenye mitaa yote.

(b) Mwongozo wa cheti urekebishwe. Anayefundisha mtaani apendekezwe na washirika wa mtaa wake wanaoyajua maisha yake, apitie darasa, na awe chini ya mchungaji. Wanawake waingizwe kwa kigezo hicho hicho.

(c) Darasa la ubatizo lirudishiwe urefu wake. Mwalimu wa mtaa apewe haki ya kusema huyu bado, na asilazimishwe na tarehe ya ziara.

(d) Katika kila semina ya mgeni, sehemu ya changizo itengwe kwa ajili ya darasa, na kiasi kilichotengwa kisomwe mbele ya washirika.

(e) Kila mchungaji achukue watu wawili au watatu wa kutembea nao katika ziara zake mwaka mzima, wamwone anavyoomba na mgonjwa na anavyosuluhisha. Hili halihitaji bajeti wala kikao.

(f) Vitabu vitolewe kabatini.

Mkiniuliza lipi lije kwanza kama haiwezekani yote, nasema (a). Mengine mengi yatajirekebisha darasa likiwapo.

Tunaomba jibu la maandishi, lisomwe kwenye mitaa, kabla ya Mkutano Mkuu ujao. Likija jibu la kukataa tulipate pia kwa maandishi, pamoja na sababu zake, ili tujue tunajadiliana juu ya nini. Hatuna nia ya kuanzisha kanisa lingine, na yeyote atakayeitumia barua hii kwa kusudi hilo hatukumtuma. Wakati tukisubiri, sisi wachache tuliopitia darasa tutaendelea kufundishana majumbani, jioni watu wakitoka shamba, bila kukalia kiti cha mchungaji na bila kukusanya sadaka. Mchungaji yeyote anayetaka kuja kusikiliza tunachofundisha anakaribishwa, aje hata bila taarifa.

Wenu katika utumishi wa Kristo,

Mzee wa kanisa na mwalimu wa darasa la ubatizo,
wilaya ya Nachingwea, Lindi.

Nakala:
Wazee wa kanisa wa mitaa yote ya jimbo
Viongozi wa idara ya wanawake
Viongozi wa vijana